Waya Uliopima Dunia, na Dakika 7 Zinazotuchanganya

Mwezi huu tumechagua historia ya fizikia, na aliyetusukuma ni swali moja tu.

Kwenye makaratasi ya marudio yanayopita mkono kwa mkono hapa kambini, yale yaliyonakiliwa mpaka herufi zimeanza kufifia, kuna swali linalosema hivi: Henry Cavendish alining'iniza fito yenye matufe mawili kwa waya, mpembeo mmoja ulichukua dakika 7, tafuta konstanti ya msokoto ya waya huo. Jibu limeandikwa nyuma: 0.00028. Ukifuata kanuni unalipata bila shida. Lakini ukilichukua jibu hilo ukaendelea nalo mpaka mwisho, yaani mpaka kuipima dunia yenyewe, inakutokea dunia nyepesi kuliko tofali la udongo. Wengine kati yetu wameshaanza kusema labda Cavendish mwenyewe alikosea, wengine wanasema hesabu hizi ni za kukariri tu, hazina ukweli ndani. Sisi tunasema Cavendish hakukosea hapo. Ila ili tuone tatizo liko wapi, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 200 tuone watu wa wakati ule walihesabu vipi.

Kwanza, msokoto ni nini. Wote tumeshaona mtoto akikaa kwenye pembea ya kamba chini ya mwembe, mwenzake anamzungusha mpaka kamba zinasokotana, halafu anamwachia. Anazunguka kurudi, anapita pale alipoanzia, kamba zinajisokota upande wa pili, anarudi tena. Waya wa chuma au shaba unafanya hivyo hivyo hata ukiwa mmoja. Ukiusokota kidogo unadai kurudi, na ukiusokota mara mbili unadai kwa nguvu mara mbili. Kiasi cha nguvu ya kusokota inayohitajika kwa kila kipimo cha pembe ndo kinaitwa konstanti ya msokoto. Sisi tutaiandika k. Waya mgumu una k kubwa, waya laini una k ndogo. Ukining'iniza fito kwenye waya huo ikalala sambamba na ardhi, ukaigeuza kidogo na kuiachia, inapembea kwenda na kurudi kwa muda usiobadilika. Hiyo ndiyo pendulamu ya msokoto.

Uzuri wake uko hapa. Pendulamu ya saa ya ukutani inarudishwa na mvuto wa dunia. Hii ya msokoto inapembea kwa ulalo, kwa hiyo dunia haiingilii mwendo wake. Kazi ya dunia ni kuvuta kila kitu chini, na kazi hiyo inabebwa na waya. Kinachoirudisha fito ni msokoto peke yake. Maana yake ni kwamba mvuto mkubwa kuliko yote tunaoujua umewekwa kando, na sasa hata mvuto mdogo sana wa pembeni unaweza kuonekana.

Mtu aliyeliona hilo mapema ni John Michell. Huyu alikuwa kasisi wa kijiji cha Thornhill, kaskazini mwa Uingereza, tangu 1767. Kabla ya hapo alifundisha Cambridge. Mwaka 1760 aliandika kuhusu matetemeko ya ardhi, akasema yanasafiri ndani ya ardhi kama mawimbi, jambo ambalo wenzetu waliotoka Kivu hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1783 aliandika pia kwamba huenda kuna nyota nzito kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kuondoka kwake. Watu walikuja kulizungumza tena wazo hilo karne mbili baadaye. Kasisi wa kijijini, jamani.

Michell alitaka kujua dunia ina uzito gani. Newton alikuwa ameshatoa kanuni ya mvuto mwaka 1687, na humo alikisia kwamba dunia kwa wastani ni nzito mara 5 au 6 kuliko maji ya ujazo uleule. Alikisia tu. Ili kujua kwa hakika ulihitaji kupima mvuto wa kitu ambacho uzito wake unaujua, halafu ulinganishe na mvuto wa dunia. Mwaka 1774 Waingereza walijaribu kwa kutumia mlima. Nevil Maskelyne alienda na timazi kwenye mlima Schiehallion, Uskoti, akaona uzi wa timazi unavutwa kidogo sana kuelekea mlimani kila upande. Charles Hutton alikaa na hesabu za umbo la mlima huo, na mwaka 1778 akasema dunia ni mara 4.5 ya maji. Shida ni kwamba hakuna anayejua kwa uhakika ndani ya mlima kuna mawe ya uzito gani. Michell alifikiri tofauti: badala ya mlima, tumia tufe la madini ya risasi ulilolipima mwenyewe, na badala ya timazi, tumia fito iliyoning'inizwa kwa waya.

Afya yake haikuwa nzuri na alikuwa na kazi nyingine mkononi, alikuwa anajitengenezea darubini kubwa. Mwaka huo huo wa 1783 rafiki yake Cavendish alimwandikia barua kwamba kama afya haimruhusu kuendelea na darubini, basi walau imruhusu kazi nyepesi zaidi ya kuupima uzito wa ulimwengu. Ni utani wa watu wanaoheshimiana. Michell alikimaliza chombo chake, lakini alifariki mwaka 1793 kabla hajakitumia hata mara moja. Kikaenda kwa Francis Wollaston, profesa wa Cambridge, ambaye hakuwa na nafasi nzuri ya kukitumia, naye akampa Cavendish.

Wakati huo huo Ufaransa kulikuwa na mtu mwingine, na huyu ndiye mwenye hesabu ya waya. Charles-Augustin de Coulomb alikuwa mhandisi wa jeshi. Alitumwa Martinique, kisiwa cha miwa na utumwa, akakaa huko tangu 1764 mpaka 1772 akisimamia ujenzi wa ngome, akarudi na afya iliyoharibika. Aliporudi alianza na sindano za dira. Dira za kawaida zinakaa juu ya ncha, na ncha ina msuguano, kwa hiyo sindano haitulii pale inapopaswa. Yeye aliining'iniza kwa uzi mwembamba wa hariri. Hapo akakutana na swali: uzi wenyewe unadai kurudi kwa nguvu kiasi gani?

Jibu alilitoa mwaka 1784. Alining'iniza vitu vizito kwenye nyaya za chuma na za shaba nyeupe, akavisokota, akaviachia, akashika saa. Akakuta muda haubadiliki ukisokota kidogo au ukizidisha kiasi, maana yake nguvu ya kurudi inaenda sawa na pembe. Akakuta waya ukiurefusha mara mbili, k inakuwa nusu. Na akakuta kitu cha kushangaza kuhusu unene: ukiuongeza unene wa waya mara mbili, k haiongezeki mara mbili wala mara nne, inaongezeka mara 16. Unene unajizidisha mara nne. Mwaka uliofuata alitumia mzani wa aina hii kupima jinsi umeme unavyosukumana, na kanuni hiyo ndiyo inayobeba jina lake kwenye vitabu vyetu vya shule.

Tukae hapo kwenye unene kidogo, kwa sababu ndipo historia yote ya kipimo hiki imejificha. Tuseme unataka k ya waya wako. Njia moja ni kupima urefu na unene, halafu utumie kanuni ya Coulomb pamoja na ugumu wa madini yenyewe. Lakini waya ni mwembamba. Ukikosea unene wake kwa asilimia 10 tu, na kwa rula ya shule utakosea zaidi ya hapo, k yako itakosewa kwa karibu asilimia 46. Bado hujui kama waya ni mnene sawasawa kuanzia juu mpaka chini. Njia nyingine ni kuusukuma kwa nguvu unayoijua, lakini kama ungekuwa na nguvu ndogo kiasi hicho unayoijua tayari, usingehitaji mzani huu hata kidogo.

Njia ya tatu ndo ile ya Coulomb: usiupime waya, uulize kwa saa. Kanuni yake ni hii:

k = 4π²I ÷ T²

T ni muda wa kwenda na kurudi, mpaka fito inafika tena ilikoanzia ikiwa inaelekea upande uleule. I ni ubishi wa fito dhidi ya kuzungushwa, vitabu vinauita momenti ya inesha. Kwa matufe mawili kwenye ncha za fito nyepesi, unachukua uzito wa tufe moja kwa kilo, unazidisha kwa umbali wake kutoka katikati uliojizidisha, halafu mara mbili kwa sababu matufe ni mawili. Uzito unapimwa kwa mizani ya dukani, umbali kwa rula. Saa ukikosea kwa asilimia 1, k inakosewa kwa asilimia 2 tu. Na kadiri waya unavyokuwa laini, ndivyo fito inavyokwenda polepole, na kitu kinachokwenda polepole ni rahisi kukipimia muda. Yaani udhaifu wa waya unageuka kuwa msaada.

Sasa turudi kwa Cavendish. Tuseme ukweli kuhusu yeye, maana kwenye mitandao kuna tabia ya kumfanya kila mwanasayansi awe alikulia kwenye shida. Huyu alikuwa kati ya watu matajiri zaidi Uingereza, wa ukoo wa watawala. Alikuwa na aibu kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba watumishi wake wa kike aliwaachia maagizo kwa vikaratasi ili asikutane nao. Alisoma Cambridge akaondoka bila digrii. Alipoanza jaribio hili Agosti 1797, nyumbani kwake Clapham, karibu na London, alikuwa na miaka 65, na aliendelea mpaka Mei 1798. Pesa zilimsaidia, hatutaki kuficha. Lakini wazo lilitoka kwa kasisi, na pesa hazikai kwenye darubini saa mbili kumi kuangalia fito ikipembea.

Alikijenga upya sehemu kubwa ya chombo cha Michell. Fito ya mbao ya karibu mita 1.8. Kwenye kila ncha tufe la risasi la gramu 730 hivi. Umbali wa kila tufe kutoka katikati, sentimita 93. Waya wa shaba uliopakwa fedha, urefu wake karibu mita 1. Vyote hivi ndani ya kasha la mbao ili upepo usiguse. Nje ya kasha, matufe mawili makubwa ya risasi, kila moja kilo 158, yametundikwa ili yaweze kusogezwa: mara upande huu wa matufe madogo, mara upande ule. Kwenye ncha za fito kulikuwa na vipimo vya pembe ya ndovu vyenye mistari, kila mstari sehemu ya ishirini ya inchi.

Na chumba chote kilifungwa. Cavendish hakuingia. Aliona kwamba joto la mwili wa mtu tu linatosha kufanya hewa itembee na kuisukuma fito. Kwa hiyo aliyasogeza matufe makubwa kwa kamba akiwa nje, na alisoma vipimo kwa darubini zilizopenya ukutani, taa zikimulika kutoka nje vilevile. Hata hivyo hakuridhika. Akauliza: je, vyuma vinavyobeba matufe vimeshika usumaku? Akabadilisha vya chuma akaweka vya shaba. Je, matufe makubwa yakiwa na joto kuliko kasha? Akayapasha kwa taa makusudi aone, na kweli fito ikasogea, akaelewa adui yake mkubwa ni hewa. Je, waya ukikaa umesokotwa kwa saa nyingi unazoea na kusahau pale ulipokuwa? Akaujaribu hilo pia. Sisi tukisoma sehemu hiyo tunaona mtu aliyeogopa zaidi kudanganywa na chombo chake kuliko kuchekwa na watu.

Waya wa kwanza ulikuwa laini mno. Mpembeo wake, kwa maneno yake, ulichukua kama dakika 15. Mara moja akaona hautoshi, kwa sababu mvuto wa matufe makubwa uliivuta fito mpaka matufe madogo yakagusa ukuta wa kasha. Alifanya nao majaribio machache, halafu akaweka waya mgumu zaidi. Huo wa pili ndio wa dakika 7.

Na hapa ndipo makaratasi yetu yanapoteleza. Cavendish aliposema mpembeo mmoja, alimaanisha kwenda tu, kutoka mwisho wa upande mmoja mpaka mwisho wa upande wa pili. Watu wa wakati wake wote walihesabu hivyo. Pendulamu waliyoiita ya sekunde moja ni ile inayopiga kila sekunde, tiki upande huu, taki upande ule. Kwenda na kurudi ni sekunde 2. Unaweza kujaribu leo jioni: funga jiwe kwenye uzi, kutoka kitanzi mpaka katikati ya jiwe iwe sentimita 99, liachie. Litaenda kwa sekunde 1 na kurudi kwa sekunde 1. Cavendish alilinganisha fito yake na pendulamu ya namna hiyo, kwa hiyo alihesabu kwa namna hiyo. Vitabu vya leo vinahesabu kwenda na kurudi. Aliyetunga swali la makaratasi alichukua namba ya 1798 akaitia kwenye kanuni ya leo bila kuibadilisha.

T sahihi ni dakika 14, yaani sekunde 840. Tupige hesabu taratibu, tukiweka uzito wa fito yenyewe pembeni maana ni mdogo. I ni 2 mara 0.73 mara 0.93 mara 0.93, inakuja karibu 1.26. Mara 4π², ambayo ni 39.5, inakuwa karibu 50. Gawanya kwa 840 mara 840, yaani 705,600. Unapata karibu 0.00007, kwa kipimo cha nyutoni-mita kwa radiani. Makaratasi yanasema 0.00028. Ni mara nne kamili, kwa sababu T iliyokosewa nusu inajizidisha.

Sasa tusiishie hapo kama yanavyoishia makaratasi. k si mwisho wa safari, ni ufunguo tu. Cavendish alipohamisha matufe makubwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ncha ya fito ilihama kama mistari 6, yaani milimita 7.6. Kutoka katikati kwenda upande mmoja ni nusu yake, milimita 3.8. Kipimo kilikuwa kwenye umbali wa sentimita 97 hivi kutoka kwenye waya, kwa hiyo pembe ni 3.8 gawanya kwa 970, karibu radiani 0.0039. Zidisha kwa k yetu, unapata nguvu ya kusokota. Gawanya kwa matufe mawili na kwa mita 0.93, unapata mvuto wa tufe kubwa juu ya tufe dogo. Ni kama 0.00000015 ya nyutoni. Hiyo ni sawa na uzito wa punje moja ya mchanga laini. Mtu yuko nje ya chumba, anachungulia kwa darubini, anapima uzito wa punje ya mchanga kwa kutumia matufe ya kilo 158.

Uzito wa tufe dogo lenyewe, yaani mvuto wa dunia juu yake, ni nyutoni 7.2. Ni kubwa kuliko ule mvuto wa pembeni mara karibu milioni 48. Lakini tufe kubwa liko sentimita 22.5 tu, na kitovu cha dunia kiko kilomita 6,371. Newton alishasema mvuto unapungua kwa umbali uliojizidisha. Ukiweka umbali wote huo kwenye hesabu, dunia inatoka karibu kilo 6 ikifuatwa na sifuri 24. Ukigawanya kwa ujazo wake unapata kati ya mara 5 na 6 ya maji. Kwa k ya makaratasi unapata mara 1.4 hivi, lile tofali letu la udongo.

Kuna njia nyingine ya kumhakiki Cavendish bila kujali alihesabu kwenda au kwenda na kurudi. Linganisha nyaya zake mbili. Dakika 15 kwa dakika 7 ni mara 2.14, ukijizidisha inakuwa karibu 4.6. Kwa hiyo waya wa kwanza unapaswa kuwa laini mara 4.6, na fito yake inapaswa kuvutwa mbali kwa kiasi kama hicho. Kwenye waya wa kwanza, kutoka katikati kwenda upande mmoja, fito ilihama mistari 14 na kitu. Kwenye wa pili, 3. Gawanya wewe mwenyewe. Hazilingani mpaka mwisho kwa sababu namba tulizotumia ni za jumla, lakini saa na rula, vitu viwili visivyojuana, vinatoa ushahidi mmoja.

Cavendish mwenyewe hakuandika k, wala nyutoni, wala ile G tunayoandika leo. Vyote hivyo vilikuja baadaye. Alitaka jibu moja tu, dunia ni mara ngapi ya maji. Kutokana na majaribio 17 akaandika 5.48. Miongo minne hivi baadaye Francis Baily, aliyerudia jaribio hilo, akapitia hesabu zile na kuona kwamba wastani wa namba za Cavendish ni 5.45, kulikuwa na kosa la hesabu. Kwa hiyo ndiyo, alikosea, lakini kwenye kutafuta wastani, si kwenye waya. Kipimo cha leo ni 5.51. Kwa chumba cha 1798 na taa za mafuta, sisi hatuna la kuongeza.

Jambo moja linatugusa sisi hasa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa yake Cavendish hakuanza na jina lake. Alianza kwa kueleza kwamba mbinu hii ni ya marehemu Michell, kwamba alikijenga chombo akafariki, na jinsi kilivyopita kwa Wollaston mpaka kwake. Akaongeza kwamba Coulomb ametumia vyombo vya namna hii, lakini Michell alikuwa ameshamweleza mpango wake kabla Coulomb hajachapisha kitu. Hakuna aliyemlazimisha, Michell alikuwa hana tena wa kumdai. Ila vitabu vyetu vinasema jaribio la Cavendish, basi. Tunaomba walimu wa kujitolea na nyinyi mnaoandaa makaratasi mapya, jina la Michell liingie, na zile dakika 7 ziandikwe kwamba ni za kwenda tu.

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe, hapa hakuna maabara na haihitajiki. Sisi tulichukua waya wa kufungia nondo wa unene wa milimita 1, urefu mita 1, tukaunyoosha vizuri. Fito ya sentimita 80 yenye gramu 200, chupa mbili za nusu lita zimejaa maji, moja kila ncha. I yake ni karibu 0.17, fito ikiwemo. Tulifunga milango, tukaigeuza kidogo, tukaacha mizunguko 2 ipite ndipo tukawasha saa ya simu. Mizunguko 10 ya kwenda na kurudi ilichukua sekunde 290, kwa hiyo T ni 29, na k ni karibu 0.008. Waya wa Cavendish ulikuwa laini kuliko wetu mara zaidi ya 100, kwa hiyo msitegemee kuona mvuto wa jiwe; mtaona waya tu, na unatosha. Tulipoufupisha mpaka nusu mita T ikashuka hadi kama 20 na nusu, kama Coulomb alivyosema. Kinachosumbua ni kitanzi cha juu: kisifungwe kwenye msumari unaocheza, kibanwe kati ya mbao mbili kwa nguvu, la sivyo mnapima kitanzi badala ya waya. Na maji yajazwe mpaka juu kabisa, maana yakibaki na nafasi yanacheza ndani ya chupa na muda unayumba.